Kushoto Kivyake, Kulia Kivyake

Kwenye karakana ya Mzee Kalibu kulikuwa na neno moja lisilosemwa. Si tusi, wala si jina la ugonjwa. Neno lenyewe ni "tayari." Ukimaliza kushona kiatu, ukakipaka rangi, ukakifuta mpaka kikang'aa, halafu ukaja mbele yake ukasema, "Mzee, kiko tayari," basi umejitafutia mwenyewe. Atavua miwani, atakutazama mpaka ujute kuzaliwa, kisha atauliza taratibu, "Kiko nini?" Hapo ndipo utakapokumbuka kusema inavyotakiwa: "Kimeiva, mzee."

Viatu vya tayari, kwake yeye, ni vile vya kiwandani vinavyokuja kwenye maboksi. "Wamempima nani?" huuliza. "Nionesheni huyo mtu aliyepimwa, nimsalimie." Yeye alishona viatu vya miguu iliyopo: mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, wayo uliopinda, mguu wa kushoto mkubwa na wa kulia mdogo. Watu waliotoka kwenye maduka ya viatu wakijifuta machozi, kwake walitoka wakitembea, na wengine walirudi nyumbani kwa miguu makusudi ili waonekane.

Jina la Kalibu lilitokana na zile kalibu za mbao, yaani miguu ya mti ambayo ngozi huvutwa juu yake ili ipate umbo. Alizichonga mwenyewe, akazitundika ukuta mzima, kila moja na msumari wake, kila moja imeandikwa jina la mwenye mguu. Sasa, mchoraji aliyemwandikia kibao alikuwa haoni tofauti ya herufi r na l, akaandika kwa mbwembwe: MZEE KARIBU. Wapita njia wakawa wanaingia wakidhani wamekaribishwa. Mmoja aliuliza choo kiko wapi. Mzee alikataa kukifuta kibao kile. "Wanaoingia kwa makosa nao wana miguu," alisema.

Ndani alikuwa na msaidizi mmoja, mtu mzima mwenzake, aliyekuja zamani kusaidia kubandika soli kwa siku moja tu, akaganda hapo hapo mpaka mvi. Watu walimwita Gundi. Na pamoja na kukaa kote huko, mzee hakuwahi kumwita "fundi." Alimwita "msaidizi," akiwa na furaha alimwita "ndugu yangu," lakini fundi, thubutu! Neno hilo alilibana kuliko mshipi wake. Fundi, alisema, ni mtu anayefikiria mguu usioonekana.

Nyumbani alikuwa na mkewe, ambaye hakuogopa kitu, na binti yao mmoja. Huyo binti alipokuwa mdogo alimfuata baba yake nyuma nyuma kila aendako, ndipo akapewa jina la Kisigino, na jina lenyewe likamfuata mpaka chuo kikuu, alikosomea mambo ya kompyuta. Alipopata kazi, mzee alimuuliza, "Hivi mwanangu, ukifika ofisini unafanya nini hasa?" Akajibu, "Naandika kodi, baba." Basi mzee akatoka kifua mbele kuutangazia mtaa: binti yangu anaandika kodi! Kesho yake jirani wa fotokopi hakufungua duka, na muuza vifaa vya umeme alimwamkia mzee kwa adabu isiyo ya kawaida. Ilibidi Kisigino aje mwenyewe kueleza kwamba kodi anayoiandika si ile ya serikali, ni maagizo yanayoiambia kompyuta la kufanya. Jirani wa fotokopi alicheka kuliko wote, na ndiye aliyekuwa amejificha mbali kuliko wote.

Habari ya tovuti ilianzishwa na bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake wa kike, mguu mmoja mfupi. Mzee alimshonea kiatu chenye soli ya kuinulia, msichana akasimama, mabega yakalingana. Mzee akangoja shukrani. Badala yake bibi alikaa kwenye benchi akalia kwa hasira.

"Huyu mtoto ameanza shule anachechemea, amemaliza anachechemea," alisema. "Na wewe ulikuwa hapa hapa! Kwa nini ulijificha?"

"Sikujificha, mama. Kibao kipo."

"Kibao kinasema karibu! Karibu wapi?"

Neno lile lilimchoma mzee. Usingizi ulimpaa. Aliwafikiria wale wote wanaochechemea mahali fulani, wakiamini kwamba ndivyo walivyoandikiwa, wakati kalibu zao zingekuwa ukutani kwake. Asubuhi alimpigia simu binti yake akamwambia anataka tovuti, mtu akitafuta viatu vya miguu isiyolingana popote alipo, amwone yeye. "Lakini nataka ya kushonwa," alisisitiza. "Usiniletee ya tayari!"

Alisema hivyo kwa mazoea tu, hakujua kwamba kwenye tovuti nako kuna za kushonwa na za tayari. Upande wa pili Kisigino alinyamaza kidogo. Mzee akauchukua ule ukimya kuwa ndiyo.

Tangu siku hiyo mtaa haukupumua. "Binti yangu ananishonea tovuti," alimwambia muuza umeme. "Herufi kwa herufi, kwa mikono yake." Alimwambia muuza magazeti. Alimwambia mteja aliyekuwa amevua soksi anasubiri kupimwa. Jirani wa fotokopi akasema mpwa wake aliwahi kuweka tovuti ya saluni kwa mchana mmoja.

"Ya tayari hiyo," mzee alisema.

"Lakini inafanya kazi."

"Hata viatu vya boksi vinafanya kazi, mpaka uvivae!"

Mkewe aliyasikia hayo kutoka dirisha la nyumba yao, nyuma ya karakana. Jioni alimwambia, "Mume wangu, mgema akisifiwa..." akaishia hapo.

"Malizia basi."

"Unaijua mwenyewe."

Kisigino alikuja likizo. Alikuwa amepata kazi mpya, mbali, na alitakiwa kuondoka mara likizo ikiisha. Aliifungua laptopu yake kwenye meza ya kukatia ngozi, akasukuma vipande pembeni, akavuta pumzi.

"Baba, nisikilize kwanza usinikatize. Tovuti nitakayokuwekea ni ya tayari."

Nyundo ya Gundi iliishia hewani. Mzee akavua miwani.

"Ya nini?"

Kisigino alikulia kwenye karakana ile; alijua anatakiwa kujibu nini. Akarudia neno lile lile: "Ya tayari. Kuna mfumo ambao upo, umetengenezwa na watu wengi na unatumiwa na watu wengi. Nitaupanga, nitauvalisha rangi zako, nitaweka picha zako. Halafu wewe na mjomba Gundi mtakuwa mnaongeza picha wenyewe, mnajibu oda wenyewe, bila kunisubiri mimi."

"Kwa hiyo huwezi kuandika wa kwako."

"Naweza."

"Basi andika!"

"Naweza, na ningependa, baba. Ningeringa nao. Lakini nikiuandika mimi, nitaujua mimi peke yangu. Siku ukigoma niko kazini huko mbali, utamwita nani? Mtaalamu atakayekuja ataufungua, atakuna kichwa, ataanza kuuliza nani aliandika hivi. Huu wa tayari, hata mpwa wa jirani anaweza kuutengeneza."

"Mpwa wa jirani!" mzee alisema. Kama kuna jina ambalo halikutakiwa kutajwa siku ile, ndilo hilo.

"Baba," Kisigino alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo, "ni nani aliyenifundisha kwamba kiatu asichoweza kukishona fundi wa barabarani ni kiatu cha majivuno?"

Loo! Hapo alimpata. Maana ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya karakana ile, kabla hata ya sheria ya neno. Mzee alikuwa na mishono ya siri ambayo angeweza kuitumia akawafunga wateja wake kwake maisha, lakini hakuitumia. Soli aliziweka kwa mshono wa wazi ili kiatu kikifumuka safarini, mtu yeyote mwenye sindano na uzi akishone. Hakutaka mteja wake atembee peku eti kwa sababu Mzee Kalibu amelala.

"Usinipige kwa nyundo yangu," alisema, akatoka nje, akasimama chini ya kibao chake.

Tuseme ukweli: aliona aibu. Tovuti yenyewe angeizoea. Kilichomuuma ni mtaa. Alitaka kitu kimoja tu, kwamba wote waliomjua wamwone binti yake kuwa ni mtu wa kutengeneza, si mtu wa kufungua boksi. Na sasa angewaambia nini? Kwamba amesoma miaka yote ile ili alete kile kile ambacho mpwa wa jirani alikileta kwa mchana mmoja? Na chini ya aibu hiyo kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema: labda mtoto ana haraka ya kuondoka, ndiyo maana anamkatia kazi nyepesi.

Jioni mkewe aliita kwa sauti iliyofika mpaka kwenye duka la fotokopi, "Chakula tayariii!"

"Umefanya makusudi," mzee alisema akikaa.

"Nimefanya. Maji umeyavulia nguo mwenyewe, sasa yaoge. Mtoto hajakudanganya hata neno moja. Ungependa akudanganye?"

Mzee alikula. Chakula kilikuwa kitamu, jambo lililomuudhi zaidi.

Siku zilizofuata alijifanya hana habari na laptopu, lakini kila mara alikuwa na kitu cha kuchukua kwenye meza ile: mara mkasi, mara nta, mara mkasi tena. Ndivyo alivyokuwa amesimama nyuma ya binti yake wakati mfumo ulipouliza saizi ya kiatu.

"Andika kushoto arobaini na moja, kulia thelathini na nane," mzee alisema, akisahau kwamba hana habari.

"Mfumo unakubali saizi moja tu kwa jozi, baba."

"Moja?"

"Moja."

Furaha aliyoipata! Akamwita Gundi aje ashuhudie; angeweza angeuita mtaa mzima. "Si nilisema? Si nilisema mimi? Tayari ni tayari! Wamempima nani hawa?"

Kisigino hakubisha. Alikuwa anatafuna ukucha, maana alijua baba yake hakukosea. Kwa karakana ile, saizi moja kwa jozi ilikuwa kuiua kazi yote. Angeweza kuandika kipande chake mwenyewe akakipachika kwenye mfumo, lakini hapo angerudi kule kule alikokimbia: kitu kinachojulikana na mtu mmoja. Akasimama, akazunguka karakana, akakanyaga vipande vya ngozi, akafika kwenye ukuta wa kalibu. Alikaa hapo kitambo akiangalia juu. Halafu akacheka.

"Baba, kalibu zako umezitundika moja moja."

"Sasa ulitaka nizifunge kamba?"

Kisigino alirudi mezani karibu akimbie. Kwenye tovuti, mahali pa kuandika bidhaa, alifuta neno "jozi." Akaandika bidhaa mbili. Ya kwanza, Kiatu cha Kushoto: saizi yake, urefu wa soli yake, picha ya wayo uliochorwa kwenye karatasi. Ya pili, Kiatu cha Kulia: nacho na vyake. Kushoto kivyake, kulia kivyake. Mfumo haukulalamika hata kidogo. Ulidhani ni viatu viwili visivyojuana.

"Unatenganisha mapacha," mzee alinung'unika.

"Watakutana mlangoni, baba."

Mzee akaitafuta kasoro nyingine, akaipata. Kila oda ilikuwa na vitufe vitatu vya kumjulisha mteja hatua iliyofikiwa: Imepokelewa, Inashonwa, na cha mwisho, jamani, Tayari.

"Kile sikibonyezi."

"Naweza kukibadilisha kiandike Kimeiva. Ni kazi ndogo sana."

Angekubali. Alitaka kukubali. Lakini kiburi ni kiburi, na mtu aliyesusa chakula hawezi kuomba chumvi. "Kiache kilivyo," alisema. "Hakinihusu. Gundi atabonyeza."

Kisigino akaondoka kwenda kwenye kazi yake mpya. Kwaheri yao stendi ilikuwa fupi. Mzee alishika begi la binti yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na hilo ndilo lililokuwa neno lake. Laptopu ya zamani ikabaki karakanani, na Gundi, aliyejifunza haraka kuliko alivyokubali kuonekana, akawa anaweka picha na kujibu oda. Kiatu kikiisha alikuwa anabonyeza kile kitufe cha mwisho akiwa amegeuza mgongo, kwa siri, kama mtu anayepiga chafya kwenye mkutano. Oda zilikuja kutoka miji ambayo hawajawahi kufika. Mtaani mzee hakusema kitu. Jirani wa fotokopi alipouliza ile tovuti ya kushonwa imefikia wapi, mzee alianza kuzungumzia mvua.

Ndipo siku moja Gundi akasema, "Mzee, oda hii ina kasoro. Mteja ameagiza cha kulia tu. Cha kushoto hakipo."

Mzee alikuja upesi, na usoni alikuwa nusu amekasirika, nusu amefurahi. "Si nilisema! Umempoteza pacha!" Akachukua simu ampigie mteja mwenyewe, amwombe radhi kiungwana.

"Hujambo, mama. Hapa ni kwa fundi viatu. Tunaomba samahani, mfumo wetu umekula kiatu chako cha kushoto."

Upande wa pili mwanamke alicheka mpaka akakohoa. "Haujala kitu, mzee wangu. Mguu wangu ni mmoja."

Mzee alikaa chini.

"Mimi ni mwalimu wa hesabu," yule mama aliendelea. "Tangu nilipopata ajali nanunua viatu viwili kwa mguu mmoja. Mwalimu wa hesabu! Hesabu hiyo haijawahi kunikubali. Nikienda dukani nikiomba kimoja, muuzaji anaangalia mara magongo yangu, mara uso wangu, anasema vinauzwa jozi. Basi nanunua, na cha kushoto nakisukuma chini ya kitanda. Viko vipya, vimejaa, na mimi nalala juu yavyo. Juzi nafungua tovuti yenu naona kimeandikwa Kiatu cha Kulia. Chenyewe. Peke yake. Hakuna aliyeniuliza kingine kiko wapi. Niliwaita watu nyumbani waje wasome, wakadhani nimeshinda bahati nasibu. Hebu niambie, nani alifikiria hivyo?"

Mzee aliutazama ukuta wa kalibu zake. Maisha yake yote alijigamba kwamba amepima kila mguu uliopo, na kila oda aliyoipokea aliandika "jozi" kabla hajamwangalia mtu vizuri. Watu kama mwalimu huyu walikuwa wamepita mlangoni kwake, wakasoma karibu, wakaenda zao.

"Mzee, upo?"

"Nipo, mwalimu. Aliyefikiria ni binti yangu." Akaisogeza simu mdomoni ili asikike vizuri. "Binti yangu ndiye aliyeichagua na ndiye aliyeipanga."

Kiatu kile hakumwachia Gundi hata kuvuta uzi. Alichonga kalibu mpya, akachagua ngozi nzuri kuliko zote alizokuwa amezificha, akashona mshono wa wazi ambao fundi yeyote wa barabarani angeweza kuufuata. Kalibu ilipomaliza kazi aliitundika ukutani, kulia, peke yake, na hakuacha nafasi ya mwenzake. Kiatu akakiweka mezani, akakigeuza, akakifuta mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Gundi, kwa mazoea, akanyoosha mkono kwenye laptopu na kugeuza mgongo.

"Toa mkono wako hapo," mzee alisema.

Akavaa miwani. Akakitafuta kitufe kwa kidole chake kinene chenye rangi ya viatu, akakibonyeza kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Gundi alisema, "Makubwa!" na nyundo ikamponyoka.

Mzee alitoka nje. Jirani wa fotokopi alikuwa mlangoni kwake. "Jirani!" mzee aliita, na watu wa ng'ambo wakageuka. "Ile tovuti ya binti yangu uliyokuwa unaniuliza. Ni ya tayari! Tena ya tayari kabisa! Njoo nikuoneshe alichokifanya, halafu uende ukamwambie mpwa wako." Na jirani akaja, na muuza umeme akaja, na mzee akawasomesha wote mbele ya laptopu mpaka wakaomba ruhusa ya kwenda kufunga maduka yao.

Walipoondoka alimpigia binti yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Habari za kazi, fundi?"

"Baba," Kisigino alisema, "umekosea namba? Ulikuwa unamtafuta nani?"

"Sijakosea. Nimekuita wewe." Gundi alikuwa ameacha kazi, anasikiliza bila haya. Mzee alikishika kile kiatu kimoja mkononi, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akamsimulia habari ya mwalimu wa hesabu tangu mwanzo, pamoja na viatu vya chini ya kitanda, na sauti ilipomkatika hakuificha.

Kisigino naye alikuwa anajifuta macho huko aliko, ilisikika. Akauliza kama alivyofundishwa tangu mdogo, "Na kiatu chake, baba? Kimeiva?"

"Kiko tayari, fundi," mzee alisema. "Kiko tayari."